Usipige Resi Kabla ya Kuzima

Sharjah,
Ijumaa, siku ya mapumziko

Baba, shikamoo.

Shikamoo pia Mama, najua umekaa hapo pembeni unasikiliza. Natumaini magoti yako yamepungua kuvimba, na kwamba mvua imefika Kiabakari kabla mahindi hayajakunja majani. Yule ng'ombe mweupe amezaa salama? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Moyo ndio si mzima, Baba, na sitakuzungusha: nina hasira na wewe. Binti wa Bunda ninayekaa naye chumba kimoja anakuja likizo, nimempa barua hii aibebe kwa mkono, kwa sababu kwenye simu kila nikifika penye neno lenyewe unaniambia mtandao unakata, halafu unakata wewe.

Naomba ufanye kama unavyofanya siku zote barua ikija nyumbani. Isome kwa sauti Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamekaa. Isome mbele ya mdogo wangu Masatu, mbele ya baba mdogo, na mbele ya wale wazee waliokuwa ndani ya gari siku ile. Uliyoyasema juu yangu uliyasema mbele yao, kwa hiyo majibu nayo wayasikie. Usiruke mstari. Nitamuuliza Mama, na Mama hajui kunificha.

Nimesimuliwa yote. Mlikuwa mnapeleka mahari ya Masatu huko Bunda. Gari nililokutumia, wazee wanne ndani, wewe kwenye usukani umevaa lile koti la kijivu. Kabla hamjafika nusu ya njia likaanza kupiga mluzi. Likatoa moshi wa bluu mpaka waliokuwa nyuma yenu wakawapigia honi, nguvu ikaisha, likazima. Mkaingia ukweni kwa bodaboda, wazee wameshika kofia zao mikononi, mmechelewa, na upande wa pili wakawapiga faini ya mbuzi kwa kuchelewa. Aibu hiyo naielewa, Baba. Hata mimi huku nilisimuliwa nikainamisha kichwa.

Lakini ukasimama palepale kwenye uwanja wa watu, wakwe wanasikia, ukasema: "Yule binti wamemdanganya huko Uarabuni. Kazi ya gereji si ya mwanamke, mimi nilikuwaga nasema tangu zamani." Mliporudi nyumbani ukaongeza la pili. Ukasema ule uwanja wa mbele, unaotazama barabara ya lami, ule ulionionyesha kwa kidole siku naondoka ukasema hapa ndipo utaweka gereji yako, sasa ni wa Masatu, afungue sehemu ya kuoshea magari.

Nisamehe kwa neno nitakalosema, lakini si kweli kwamba ulisema tangu zamani. Tangu zamani ulikuwa unanilaza kwenye gunia chini ya lori la pamba nikushikie tochi na kukupa spana, na nikikosea namba ulikuwa unacheka tu. Wewe ndiye uliyenipeleka gereji ya Kitaji nikajifunze kazi, msichana peke yangu kati ya wavulana tisa. Ukamwambia mwenye gereji, "Huyu ana mikono kuliko hawa wa kiume niliowazaa." Yule mzee wa Kitaji yupo hai, kamuulize. Gari moja limeharibika njiani, nawe umefuta miaka yote hiyo kwa sentensi moja, tena mbele ya watu wasionijua.

Nikueleze ninachofanya huku, maana nahisi hamjui. Miaka miwili ya kwanza mnajua, nilikuwa nafua na kupika kwenye nyumba ya watu, nikilala chumba kisicho na dirisha. Mkataba ulipoisha sikurudi, nikaja kwenye hii yadi. Yanaletwa magari yaliyogongwa kutoka nchi nyingi, tunayakata, injini zinapakiwa kwenda Afrika. Tajiri alinipa kazi ya kufagia. Siku moja alikuwa anauza injini yenye turbo iliyokufa, nikamwambia mbele ya mteja kwamba hiyo imekufa. Alikasirika, tukafungua, akaona. Tangu siku hiyo nakaa kwenye meza moja ndefu ya chuma chini ya bati, joto linachoma mpaka spana tunazishika kwa kitambaa, na kazi yangu ni kufungua turbo na kusema hii nzima, hii mfu, na imekufa kwa sababu gani. Wanaume wa mataifa sita wanasubiri neno langu ndipo wapakie. Huyo ndiye binti uliyesema amedanganywa.

Sasa tuje kwenye gari. Baada ya aibu ile Masatu alinitumia video aliyoipiga siku chache kabla gari halijazima. Alidhani ananionyesha ubovu wa gari langu, kumbe amenionyesha kila kitu. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama picha za harusi ya dada.

La kwanza, geji ya joto. Umetoka Musoma kumpeleka Mama kliniki, umefika nyumbani jua la saa nane, na mshale umelala chini kama gari limewashwa sasa hivi. Hapo nikajua mtu ametoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Nikampigia fundi wako wa Bunda, yule mwenye kofia ya pama, nikamuuliza kwa adabu. Akanijibu, "Dada, hiyo kitu ni ya nchi za baridi, sisi huku tunatoaga kwenye magari yote, gari lipate ubaridi." Kwenye magari yote! Nikamwambia injini hii ina kompyuta, ikiona ubaridi haiishi kumwaga petroli kwa kudhani bado asubuhi, na petroli hiyo inashuka kwenye oili inaiharibu. Akasema, "Basi hiyo kompyuta itazoea."

La pili, maji. Kwenye video chupa ya rejeta ina maji ya rangi ya chai. Niliacha kulanti, maji ya dawa ya rejeta, ya rangi ya waridi, lita tano za akiba kwenye buti. Mama anasema uliigawa kwa jirani kwa sababu ina harufu, ukaweka maji ya kisima.

La tatu, lile dumu la njano nyuma ya kiti. Oili ya lori, Baba. Ile nzito, namba arobaini, uliyokuwa unaitumia kwenye lori la pamba. Nimeambiwa ulisema oili niliyoagiza ni nyepesi kama maji ya kunawa, haiwezi kulinda chuma.

Sikiliza, na wazee wasikilize. Injini ile ni ndogo, lita moja nukta nne, silinda nne, ya petroli. Kwa ukubwa wake peke yake isingepanda kilima cha Butiama na watu watano ndani. Inapanda kwa sababu ya turbo. Moshi unaotoka unazungusha feni moja ndogo, feni hiyo imeungwa na ya pili kwa shafti nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho, na ya pili inashindilia hewa ndani ya silinda. Ndiyo maana injini ndogo inavuta kama kubwa. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na haibebwi na kitu chochote isipokuwa utando wa oili. Oili nyepesi inafika haraka. Nzito inachelewa, na katika kuchelewa kule chuma kinasaga chuma. Halafu bomba linalopeleka oili kwenye turbo ni jembamba kama mrija wa soda, na turbo yenyewe inawaka moto. Oili isiyofaa inaungua humo, inageuka mkaa, bomba linaziba. Lori lako la pamba halikuwa na turbo, Baba. Lilikuwa gari zuri na lilitusomesha, lakini halikuwa na turbo.

Na la nne ndilo lililonifanya nisimame kwenye meza yangu nikatoka nje. Mwisho wa video unafika nyumbani, unaegesha, na kabla ya kuzima unapiga resi. Vuuum, halafu unazima palepale.

Ile resi naijua kuliko sauti ya kengele ya kanisa. Ulikuwa unaipiga kila ukirudi kutoka ginari, kwenye kinu cha pamba, na sisi watoto tukiisikia tulikuwa tunaacha chakula tunakimbilia mlangoni. Madereva wote wa wakati wenu walikuwa wanafanya hivyo, mkisema lori lizime likiwa limeshiba, asubuhi liamke upesi. Ninaipenda ile sauti. Lakini kwenye gari hili umekuwa unaipandisha ile shafti mpaka mwisho wa mbio zake, halafu unazima injini, pampu ya oili inasimama, na shafti inaendelea kuzunguka kavu. Kila siku, kila safari, ukifika nyumbani, ukifika kanisani, ukifika kliniki na Mama. Umeiua kwa mkono wako mwenyewe, na ulikuwa unatabasamu.

Sitasema injini ile ni malaika. Wazee nao wajue, wasije wakadhani natetea chuma. Cheni yake ya taimingi inalegea mapema ukichelewesha oili, na utaisikia ikichakacha asubuhi. Koili za plagi hufa moja moja, gari linatetemeka kama lina homa. Nyumba ya pampu ya maji ni ya plastiki, hupasuka. Vali zake hujaa masizi kwa sababu petroli inapigwa ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti kuziosha. Nilijua yote haya nikalinunua. Nililinunua kwa sababu halinywi sana na ushuru wake ni mdogo, na pia, acha niseme ukweli, kwa sababu nilitaka watu wa Kiabakari wakuone unapita unawaacha. Ningeweza kukuletea gari la kawaida lisilo na turbo, lingevumilia oili ya lori na maji ya kisima na kila kitu. Hilo ndilo kosa langu na nalibeba. Nilidhani utanisikiliza.

Maana nilikuandikia. Unakumbuka? Kabla gari halijapanda meli niliandika karatasi kwa Kiswahili, herufi kubwa kwa ajili ya macho yako, nikaiweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Oili ya 5W-30 peke yake, ibadilishwe kila kilometa elfu tano. Kulanti, si maji. Usiruhusu mtu atoe themostati. Ukifika acha injini iungurume yenyewe dakika moja au mbili, ndipo uzime, na usipige resi kabla ya kuzima. Mistari minne. Mtoto wa darasa la tatu angeifuata.

Wiki iliyopita nikamuuliza Mama, ile karatasi iko wapi? Nilitegemea aseme imepotea, au imewashiwa moto wa jikoni. Akasema, "Babako ameiwekaga kwenye Biblia. Wageni wakija anawaonyeshaga mwandiko wako. Hataki iende kwenye gari, anasema itashika mafuta."

Baba, nililia. Nililia mbele ya watu wa yadi, na huku hatulii mbele ya watu. Halafu hasira ikanirudia mara mbili. Umeionyesha kwa wachungaji na wachumba na wauza dagaa, umeisifia herufi moja moja, na hukuifuata hata mstari mmoja. Lakini yule mwenye kofia ya pama, ambaye hajawahi kufungua turbo maishani mwake, aliongea mara moja tu ukamwachia ufunguo. Unajua ni kwa nini ulimwamini yeye, na mimi najua, na Mama anajua. Yeye hakuhitaji hata kuandika. Mwandiko wangu ulikupendeza. Maneno yangu hukuyapa uzito, kwa sababu yalitoka kwa mtoto wa kike.

Sasa nasikia fundi huyohuyo anataka kuliburuta gari mpaka Bunda, atoe injini nzima aweke ya kawaida. Nakataza. Likishafika kwake ushahidi wote unakwenda kwenye chuma chakavu, na mimi nitabaki binti aliyedanganywa mpaka nazikwa. Lisiguswe. Libaki hapohapo nyumbani, chini ya mti wa mlonge mlipolivutia, na kazi ifuatayo uifanye wewe mwenyewe, kwa mikono yako, wazee wakitazama, Jumapili hiyohiyo ukimaliza kusoma.

Fungua boneti. Fuata bomba jeusi nene linalotoka kwenye boksi la hewa mpaka linapoishia, legeza klipu, ulivute. Ndani utaiona ile feni ndogo. Ishike katikati kwa vidole viwili uitikise. Ikiwa nzima haichezi, utahisi kama imepigiliwa. Ikicheza na kugonga pembeni, shafti imesagika kwa kukosa oili. Kisha nenda upande wa pili, kwenye bomba kubwa la maji linaloingia kwenye injini, boliti tatu, spana namba kumi. Hapo panatakiwa pawe na themostati, kidude cha shaba chenye springi, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Ukikikuta, basi mimi ni mwongo na gari lilikuwa bovu tangu huku. Mpe Masatu uwanja, nami sitauulizia tena. Nasema hivyo mbele ya mashahidi.

Lakini ukikuta tundu tupu, Baba, usifunge boneti kimyakimya. Hilo ndilo ninalokuomba. Sitaki uniombe radhi, mzazi hamwombi mtoto radhi na mimi sijalelewa hivyo. Nataka ugeuke uwaambie wale wazee wanne, kwa kinywa kilekile kilichosema kule Bunda, kwamba binti alikuwa sahihi. Maneno matatu tu. Na wao wayafikishe ukweni, maana aibu ilianzia kule.

Masatu, mdogo wangu, wewe sina ugomvi na wewe, wala huo uwanja hukuuomba, najua. Hongera ya mchumba. Lakini nikisikia umemwaga zege la kuoshea magari pale kabla Baba hajafungua hilo bomba la maji, mimi na wewe tutaongea lugha nyingine.

Turbo nzima ninayo hapa chini ya meza yangu, nimeikagua mwenyewe mara tatu, na sili zake na bomba jipya la oili, na themostati. Mkataba wangu unaisha kabla ya Krismasi na siongezi. Nakuja. Hilo halitegemei utakachokuta kwenye gari wala utakachosema. Ukinipa uwanja nitajenga banda langu pale, na gari lako litakuwa la kwanza kupanda juu ya mawe. Usiponipa, nitakodi ng'ambo ya barabara kwa mama muuza mihogo, nimeshaongea naye, amekubali. Nitaweka turubai na meza. Kila asubuhi ukifungua mlango utaniona ng'ambo, nimelala kwenye gunia chini ya gari la mtu. Na wasafiri wanaosimama hapo kununua maji watakuuliza, mzee, yule mwanamke ni nani? Hapo nitakuwa siwezi kukusaidia. Utawajibu mwenyewe.

Msalimie bibi mzaa mama, mwambie mafuta ya mgongo yako kwenye mfuko wa huyu binti, chupa ya kijani. Wasalimie dada na mumewe kule Kamunyonge, na watoto wao, hasa yule mdogo anayependa kufungua redio, msimpige. Msalimie baba mdogo. Wasalimie akina mama wa kwaya. Fundi wa Bunda naye msalimieni, mwambieni anitunzie themostati yangu kama bado anayo.

Mama, wewe tumia basi kwenda kliniki mpaka nifike, kaa siti ya mbele unyooshe miguu.

Ni mimi mwanao, fundi,

Nyangeta